Papara na Uthabiti wa Lengo katika Kinjeketile

Mwalimu mwenzangu, waulize wanafunzi wako sifa za wahusika katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein. Aghalabu watakujibu kuwa Kinjeketile ni mwenye msimamo ilhali wafuasi wake ni wenye papara. Ushahidi wao? Yeye aliwataka wangoje, wao wakakataa. Kwa miaka kadhaa nimelituza jibu hilo alama zote. Siku hizi ninasita.

Kasi ya mtu pekee haitufichulii nia yake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu anaowasawiri Hussein wana njaa, na wanashurutishwa kulima pamba ya Mjerumani. Kutaka kwao vita si upumbavu. Kosa lao ni kuwa maji yakishapatikana, swali la namna ya kushinda halipewi uzito tena. Hapo ndipo papara huanza: hamu inapochukua nafasi ya mpango.

Na Kinjeketile je? Alipoibuka kutoka mto Rufiji akiwa amepagawa, hakuwa na mpango wowote. Hata hivyo, anasisitiza kwamba watu waungane na wafunzwe vita kwanza. Isitoshe, maneno aliyoyatamka mwenyewe anathubutu kuyatilia shaka. Mtu wa papara hawezi hili. Yeye huutii msisimko wake bila kuuhoji.

Tazama pia mwisho wa tamthilia. Akiwa mfungwa, Kinjeketile anakataa kutangaza kuwa maji yalikuwa uongo. Msomaji wa juujuu atauita ukaidi. Lakini yeye anawawazia watoto na wajukuu watakaoambiwa kuwa kupigania haki kulikuwa kosa. Kukataa huko hakuchukui muda mrefu, ila kumelenga mbali.

Kwa hivyo, mwanafunzi akiandika 'mwenye papara', mtake athibitishe mambo mawili: je, mhusika anajua anakokwenda? Je, yuko tayari kujihoji njiani? Vijana wetu huitwa wenye papara kila wanapolalamika, pengine kwa haki. Tusipowafunza tofauti hii, watadhani kuwa busara ni kunyamaza, na siku watakapochoka kunyamaza hawatakuwa na mpango.