Jiwe la Gurudumu Halikuwa la Jeki

Wenzangu mliokuwako barazani Jumamosi iliyopita baada ya sala ya alasiri hamna haja ya kusimuliwa jinsi gari lilivyochuchumaa ghafula na kuangukia ringi yake yenyewe, kwa kuwa mliliona kwa macho yenu na kishindo chake mlikisikia. Wala mimi sina nia ya kumvunjia heshima jirani yetu, mtu mwungwana, ambaye kwa gari hilo hilo ametutendea wema usiku na mchana, katika harusi zetu na katika misiba yetu. Walakini rai niliyokuwa nayo kabla gari halijaanguka ndiyo niliyo nayo leo, na insafu yanilazimisha kuiandika kama ilivyo: kuliondoa jiwe lililozuia gurudumu la mbele na kulitia chini ya jeki lilikuwa kosa, kosa bayana, lisilo na udhuru wa haraka wala wa upungufu wa zana, na kila kilichofuata kilizaliwa nalo.

Kazi ya kubadilisha gurudumu ilianza vyema. Handibreki ilivutwa, mkono wa gia ukapelekwa P, jiwe la tumbawe likakazwa mbele ya gurudumu la mbele la kulia, mshazari na lile la nyuma la kushoto lililopata pancha. Nati zote tano zililegezwa gurudumu lingali chini, na kichwa cha jeki kikatiwa penye alama zake chini ya kizingiti cha mlango. Mpwa wa mwenye gari, bila ya kuagizwa na mtu, alililaza gurudumu lenye pancha chini ya kizingiti mara lilipotoka.

Kilichokosekana hapo mwanzo ni ubao. Nimekwisha kuandika habari za ubao mara nyingi, na nitaandika tena maadamu mchanga wa pwani haujageuka kuwa mwamba. Gari lile, Toyota Mark II, ni la kilo 1,400 hivi, na pembe moja ikiinuliwa, jeki hubeba takriban robo ya uzani huo, yaani kilo 350. Kitako cha jeki ile ya mkasi hakizidi sentimita 7 kwa 10, basi kila sentimita moja ya mraba ya mchanga ilikuwa ikikandamizwa na kilo 5, na mchanga mkavu hauna ubavu wa kustahimili thakili hiyo. Ungeliwekwa ubao wa mninga wa sentimita 30 kwa 30, mzigo uleule ungelishuka chini ya nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba, na jeki ingelisimama. Badala yake ilizama, na kila mzunguko wa mkono wake ulikuwa nusu yake wapanda na gari na nusu yake washuka ardhini.

Tena jeki yenyewe haikuwa ya gari lile. Hapa sina budi kurudia lalamiko langu la siku zote juu ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini ambayo mtu akifungua buti hukuta nafasi ya jeki imeachwa tupu, spana haiko, na hata spea wakati mwingine haiko, naye mnunuzi akishughulika na rangi na redio hata asiulize. Jirani yetu aliinunua jeki yake baadaye, ya gari dogo zaidi, fupi kuliko haja yake. Ufupi huo pamoja na kule kuzama ndiko kulikotufikisha penye saa ya kosa.

Mlikuwako. Spea imeletwa, imejaa upepo vizuri, na tairi lililojaa lahitaji nafasi kubwa kuliko lililolala, jambo ambalo wengi hulisahau wanapokisia urefu wa kuinua. Jeki imefika mwisho wa parafujo yake. Habu imebaki juu kidogo tu ya mchanga, na spea inagonga chini kabla matundu yake hayajakutana na stadi. Upungufu, nilivyopima kwa macho, ulikuwa vidole vinne. Mwenye gari akainuka, akapangusa jasho, akatazama huku na huko, na jicho lake likatua juu ya lile jiwe.

“Nitolee lile jiwe la mbele, baba,” akamwambia mpwawe.

“Mjomba, na gari litazuiwa na nini?”

“Handibreki ipo. Lete.”

Kijana akalitoa. Aliposogeza jiwe, niliona juu yake mstari mweusi wa mpira, upana wa kidole, pale lilipokuwa limegusana na tairi. Na mstari ule ulikuwa ithibati tosha, kwa mwenye kutazama, kwamba gari lilikuwa limeliegemea jiwe tangu lilipoinuliwa, na kwamba handibreki haikuwa inashika. Jiwe lisilobeba kitu haliachiwi alama. Mwenye gari alipita kando ya ushahidi huo. Akateremsha jeki taratibu hata kizingiti kikakaa juu ya gurudumu lililolazwa, akaichomoa, akalitumbukiza jiwe katika shimo la mraba lililoachwa na kitako chake, upande wa mviringo juu, akasimamisha jeki pale na kuanza kuzungusha upya. Mara kizingiti kilipoachana na gurudumu, gari likasonga mbele shubiri moja, jeki ikalala ubavu, na chuma kikakutana na chuma.

Tulitafakari vizuri jambo hili, maana nimesikia watu wawili watatu wakisema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Gari lile lilikuwa na vizuizi vitatu. Cha kwanza, handibreki, ambayo kwa gari hilo hushika magurudumu ya nyuma, na ambayo waya wake umelegea tangu mfungo uliopita. Hilo si siri, kwa kuwa mwenyewe huegesha kwa kuelekeza tairi ukingoni. Cha pili, P. Watu wengi huitakidi kwamba gia ikiwa katika P gari limefungwa, nayo itikadi hiyo ni sahihi magurudumu yote yakiwa chini. Lakini gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma likiinuliwa gurudumu moja la nyuma, P hufunga propela peke yake, na difu, ambayo kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo wa tafauti, huliacha la hewani lizunguke upande mmoja na la chini lizunguke upande wa pili, propela imetulia tuli. Kwa hiyo tangu gurudumu la kushoto lilipoacha ardhi, P ilikuwa jina tu. Kizuizi cha tatu kilikuwa jiwe. Katika vitatu, kimoja kilikuwa kibovu, kimoja kimebatilika, na kimoja kizima, na katika hivyo jirani yetu alichagua kukiondoa kilicho kizima.

Wazee walioendesha Land Rover za zamani hawakuhitaji kufundishwa somo hili, kwa sababu handibreki ya magari yale haikuwa magurudumuni. Ilikuwa nyuma ya sanduku la gia, ikiishika propela, na kwa hivyo kuinua gurudumu moja la nyuma kulikuwa sawa na kuifungua handibreki yenyewe. Mwenye Land Rover alitia vigingi kwanza, mbele na nyuma ya tairi, ndipo akaiendea jeki.

Na ule mteremko wa uwanja? Nimeambiwa kwamba ni tambarare. Si tambarare: maji ya mvua hukimbilia mfereji wa barabarani, na maji hayadanganyi. Tukadirie nyuzi 3 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Gari la kilo 1,400 juu ya nyuzi 3 husukumwa kuteremka kwa nguvu ya mzigo wa kilo 73, ambao ni uzani wa mtu mzima anayelisukuma gari bila ya kupumzika. Jeki ya mkasi imeundwa kubeba wima, na ikisukumwa kando haina uwezo. Seuze iliyosimamishwa juu ya mgongo wa jiwe la mviringo.

Basi alikuwa afanyeje? Jawabu lilikuwa limeegemea ukuta, nalo ni jembe. Alihitaji vidole vinne. Mchanga uleule uliomeza jeki ulikuwa tayari kuchimbwa chini ya habu, na mapigo matano ya jembe, yaliyopigwa kutoka kando bila ya kutia mwili chini ya gari, yangelitosha kufanya kishimo ambamo spea ingeliingia na kukutana na stadi zake, jeki haijaguswa na jiwe halijatoka mahali pake. Nafasi yaweza kupatikana kwa kuinua gari, na yaweza kupatikana kwa kushusha ardhi. Hili walilijua matingo wa malori ya zamani ya njia ya Korogwe na Moshi, vijana ambao wengi wao hawakuingia shule, walioruka chini na gogo mkononi kabla lori halijasimama, na ambao sikupata kumwona hata mmoja akilitoa gogo gurudumuni kwa ajili ya haja nyingine. Gogo likishawekwa lilikuwa kama nguzo ya nyumba. Tingo akikosa urefu alichimba.

Na juu yao nitawataja waliofanya kazi hiyo huku saa ikiwakimbiza. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine kabla yao, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Na Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Njia za Safari zilikuwa matope ya masika na mawe makali, nazo hazikumvumilia mtu asiyejua kuisimamisha jeki penye ardhi laini. Wale walikuwa wakishindania dakika. Sisi Jumamosi ile tulikuwa na alasiri nzima, kahawa i motoni, na hakuna aliyekuwa akitungoja.

Yaliyobaki ya kazi ile nayasifu. Baada ya ajali walilitia jiwe mahali pake, wakaazima jeki kubwa na kipande cha mbao, wakainua, wakafunga nati kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala wake, na kukaza kwa mwisho kukafanywa gurudumu likiwa chini. Hapo alitokea kijana mmoja wa kuziba pancha na bomba lake, akitaka kulichomeka katika spana na kulisimamia kwa miguu, na nashukuru alizuiwa. Toyota ndogo nyingi huagiza niutoni-mita 103, ambazo kwa spana ya nusu mita ni mkono unaovuta kama kilo 21. Mabomba hayo ndiyo yanayokata stadi za watu, na ndiyo yanayomfanya mama aliyepata pancha usiku njiani ashindwe kufungua nati zake mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba yamepita, hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, na nilichokiona ni mkono wa kulia wa jirani yangu ukiwa ndani ya madigadi, ukipapasa stadi, mpaka alipoutoa ili ashike mkono wa jeki kwa mizunguko ya mwisho. Kati ya kutoka kwa mkono ule na kuanguka kwa gari sikuweza kuhesabu zaidi ya kumi.

Ringi imepinda ukingoni, fundi ameinyoosha, na gari lilikwenda kazini Jumatatu. Jirani yangu, nakuomba kwa heshima zote: waya wa handibreki ukazwe wiki hii, na ndani ya buti pakae ubao mmoja na vigingi viwili ambavyo havina kazi nyingine ila kuzuia magurudumu.