Vanishi Isikudanganye: Jinsi ya Kupima Msimbo Ulioandikwa na Akili Mnemba

Zamani msimbo mbovu ulijitangaza wenyewe. Ulifungua faili ukakuta mistari imepinda, vigeu vinaitwa x, x2 na xmpya, kipande kimoja kimenakiliwa mara tano, na kabla hujasoma chochote jicho lilikuwa limeshahukumu. Dalili hizo hazisaidii tena. Tangu GitHub Copilot ilipotangazwa mwaka 2021, na hasa baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, hata anayeanza kujifunza analeta msimbo ulionyooka, wenye majina ya kueleweka na maelezo juu ya kila mstari. Ni kama samani za siku hizi: vanishi inang'aa kote, na anayetaka kujua kama mbao ni mninga au ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi lazima aigeuze meza aitazame kwa chini.

Wanaouliza kama zana hizi zitaua kazi ya kuandika msimbo kwa mkono husahau kwamba mkono umeshaachia mengi. Mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper alikuwa na A-0, programu yake ya kutafsiri maagizo kuwa lugha ya mashine, mwaka 1952. IBM ilipotoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957, mafundi wengi hawakuamini kwamba mashine ingetoa msimbo wenye kasi kama wao, na kundi la John Backus lililoiunda lilihangaika sana na kasi ili kuwashawishi. Leo wanaoandika lugha ya mashine ni wa kuhesabika. Ila ipo tofauti moja kubwa. Programu ya kutafsiri ukiipa maandishi yaleyale inakupa matokeo yaleyale. Akili mnemba ukiiuliza mara mbili inaweza kukupa majibu mawili. Mtu wa FORTRAN angeweza kutosoma kilichotoka upande wa pili. Wewe huwezi.

Basi usome wapi? Anza penye pesa. Chukua kazi ya kawaida Nairobi: duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa. Mteja akilipa, mfumo hutuma taarifa kwenye seva ya duka, na kila malipo yana namba ya risiti ya herufi na tarakimu kumi kwa jumla. Taarifa hiyo inaweza kufika mara mbili; mitandao ndivyo ilivyo. Zana ukiitahadharisha itakuandikia msimbo safi kabisa: unaitafuta risiti kwenye hifadhidata, usipoikuta unaandika malipo na kuongeza salio. Unasomeka vizuri na unapita majaribio yote. Sasa taarifa mbili ziingie kwa pamoja, zikipishana kwa kufumba na kufumbua. Zote mbili zinauliza, zote zinajibiwa kwamba risiti haipo, zote zinaandika. Mteja kalipa shilingi 1,000, salio limepanda 2,000.

Fundi anayejua kazi haulizi kwanza. Anaiwekea hifadhidata yenyewe sharti kwamba risiti haiwezi kujirudia, kisha anajaribu kuandika. Akikataliwa, anajua malipo yalishaingia. Salio nalo linaongezwa ndani ya muamala uleule, ili vyote vifanyike au vyote vishindikane. Tofauti kati ya misimbo hii miwili ni mistari michache, na ule mbaya mara nyingi ndio wenye maelezo marefu zaidi.

Hapohapo tazama namba ya simu. Kenya ina namba za 07 na za 01, lakini huenda maandishi mengi ambayo zana zimefunzwa nayo ni ya enzi za 07 peke yake, kwa hiyo usishangae kukuta sharti linalomkataa mtu wa 0110 kwa ujumbe wa adabu tele.

Kisha tafuta makosa yaliyomezwa. Zana hupenda kuzungushia kila kitu ngao: hitilafu ikitokea, rudisha orodha tupu, endelea. Programu haianguki kamwe, na aliyeuleta msimbo anasifiwa. Hifadhidata ikizimika saa nane usiku, mteja anaambiwa hana oda yoyote, na asubuhi hakuna kumbukumbu ya kilichotokea. Mimi naona afadhali msimbo unaoanguka kwa kelele.

Majaribio yasikutulize upesi. Aliyeandika msimbo akiandika na majaribio, mara nyingi anathibitisha alichofanya badala ya kilichotakiwa. Chukua mstari mmoja uuharibu kwa makusudi: pasemapo "zaidi ya" weka "zaidi ya au sawa na", halafu endesha majaribio. Yakipita yote bila kunung'unika, ujue hayakuwa yakiulinda mstari huo.

Maktaba za nje zinapimwa kwa haraka: hakikisha kila moja ipo kweli na ina historia. Zana huzua majina, na wahalifu wanaweza kuyasajili na kuyajaza sumu.

Haya yote hayamfanyi binadamu kuwa mtakatifu. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza hitilafu iliyokaa miaka tisa hivi katika maktaba ya Java, ndani ya utafutaji unaogawa orodha katikati, kazi ambayo kila mwanafunzi huifanya. Msimbo ulijumlisha mwanzo na mwisho kisha ukagawa kwa mbili. Jumla ikizidi 2,147,483,647 inageuka kuwa hasi na kila kitu kinaharibika. Watu hodari waliupitia wakaupasisha, na ulikuwa mzuri wa kutazama. Zana zimejifunza kutoka kwa watu haohao.

Ndiyo maana kipimo changu cha mwisho namwelekezea aliyeuleta msimbo. Namuuliza mstari huu ukiondolewa kitavunjika nini. Akijibu kwamba ndivyo zana ilivyompa, kazi inarudi kwake. Kwa fomu na kurasa za kuonyesha bidhaa sina neno, zana na iandike. Kwa kile kipande cha risiti na salio, namwomba akifute mbele yangu akiandike upya kwa mkono. Anayekielewa hamalizi robo saa.