Hongera kwa Walimu wa Barabara wa Minnesota

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, walimu wa uhandisi wa usafiri walibuni programu iitwayo ROAD. Mwanafunzi anawekewa ramani yenye mistari ya miinuko, anaambiwa apitishe barabara. Akiinyoosha, inakuwa fupi, lakini kilima lazima kikatwe na bonde lijazwe, na kifusi chote hicho ni gharama. Akikizunguka kilima, udongo unasalimika ila barabara inarefuka na kona zinaongezeka. Anafuta, anachora upya. Walimu hawa nawapa hongera za dhati: hawamkabidhi mwanafunzi jibu, wanamkabidhi mizani.

Na mizani hiyo ina kazi nje ya darasa. Treni ya Green Line, iliyoanza Juni 14, 2014 kati ya Minneapolis na Saint Paul, awali ilipangwa ivipite vituo vya Western, Victoria na Hamline ili kubana gharama. Wakazi wa kando ya reli wakakataa. Treni ya kupita mlangoni bila kusimama ingewafaa nini? Mwaka 2010 vituo vyote 3 vikaingizwa kwenye mpango. Abiria wa mbali akapoteza dakika chache, mama mwenye mizigo akapata pa kupandia.

Mtaa wa Rondo, Saint Paul, haukupata bahati hiyo. Ulipasuliwa kupisha barabara kuu ya I-94, na mamia ya familia za Wamarekani Weusi zikahamishwa. Nyumba zao hazikupimwa kwa uzito wake. Ndiyo maana namthamini mwalimu anayemrudisha kijana kwenye ramani na kumuuliza: hapa wanaishi akina nani?