Mtama Hauna Papara

Mvua ikikatika Dodoma mwezi wa Februari, mahindi na mtama hupigwa na jua lile lile. Siku zikizidi, mahindi huanza kuungua kuanzia majani ya chini. Mtama hukunja majani yake, husimama kukua, ukasubiri. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mapengo ya namna hii katikati yake ni ya kawaida.

Pitisha kidole kwenye bua la mtama: kitatoka na unga mweupe. Hiyo ni nta inayozuia maji yasipotee. Ni kinga nzuri, lakini kazi kubwa inafanyika pasipoonekana kwa macho.

Udongo ukianza kukauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, mizizini na majanini. Homoni hiyo hufika kwenye stomata, vitundu vidogo mno ambavyo jani hupumulia. Kila kitundu kina seli mbili za ulinzi; zikijaa maji, kitundu hukaa wazi. Homoni ikifika, seli hizo huachia potasiamu, maji nayo yakafuata, zikanywea kama mpira wa baiskeli uliotolewa upepo. Kitundu kimefungwa. Seli za mtama ni nyembamba katikati na nene nchani, na kila moja ina jirani wa kupokezana naye potasiamu, ndiyo maana hufunga na kufungua upesi.

Kufunga nako kuna gharama yake. Hewa ya ukaa haiingii vya kutosha, na jua halijapunguza ukali. Nishati iliyokosa kazi huiandama oksijeni na kuigeuza kuwa kali, kiasi cha kuharibu utando wa seli. Hapo huingia antioksidanti: vitamini C, glutathioni, karotenoidi, pamoja na vimeng'enya vinavyofanya kazi kwa zamu. Kimoja huibadili oksijeni kali kuwa haidrojeni peroksaidi. Kingine, katalesi, huivunja hiyo ikawa maji na oksijeni ya kawaida.

Ninachokistaajabia zaidi ni kwamba mmea hauifagii yote. Haidrojeni peroksaidi kidogo ikibaki katika seli za ulinzi, huipa nguvu amri ya kufunga. Ikizidi, huua. Sumu ile ile, kwa kipimo, ni ujumbe. Mvua ikirudi, homoni huvunjwa, vitundu hufunguka na mtama huendelea pale ulipoachia.

Anayeusifu ustadi huu asisahau kwamba mtama haukujifunza kemia kwa ajili yetu. Ukiwa mchanga, hasa ukipigwa na ukame, hulimbikiza dhurini, ambayo ikitafunwa hutoa sianidi. Punje zilizokomaa ni ugali salama. Machipukizi mabichi yanaweza kumwangusha ng'ombe. Mfugaji makini huyapita mbali, akangoja mabua yakomae na kukauka vizuri baada ya mavuno.