Kutua, Kutosha na Kuua: Vitenzi vya Kuondoa Data katika DataLad

Katika programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kitenzi "futa" kimebebeshwa peke yake kazi yote ya kuondoa. Upungufu huo haudhuru sana inapoondolewa barua moja. Hudhuru pale mtafiti anapotunza masimulizi ya wazee, yaliyorekodiwa mara moja na yasiyoweza kurekodiwa tena. DataLad, programu ya kutunza data inayoendeshwa kwa amri za maandishi, yafaa kulipimia jambo hili, kwa kuwa amri zake hutenganisha matendo ambayo "futa" huyachanganya.

Programu hiyo imejengwa juu ya Git na git-annex. Humo faili kubwa huwa na sehemu mbili: jina, ambalo kwa kawaida ni kiungo tu, na yaliyomo, ambayo hukaa ghalani. Amri ya "drop" huondoa yaliyomo na kuliacha jina, na amri ya "get" huyarudisha. Kuitafsiri "angusha" ni kufuata kamusi na kupoteza maana, kwani kinachoangushwa huweza kuvunjika. Kiswahili kina kutua: mchukuzi hutua mzigo akijua atauchukulia wapi. Tena programu hukataa kutua mpaka ithibitishe kwamba walau nakala moja ipo kwingine.

Amri ya "remove" ni tendo jingine. Katika mkusanyo, huliondoa jina na kuliandika tendo hilo katika historia, ingawa kwa kawaida yaliyomo ya faili hubaki ghalani. Kiswahili cha Lubumbashi kina kutosha, yaani kukitoa kitu mahali kilipokuwa, kitenzi chenye maana nyingine katika Kiswahili sanifu. Kinalingana na "remove" barabara, ila msomaji wa Dar es Salaam angepotea. Kwake yeye, "ondoa" yatosha.

Ugumu huzidi mkusanyo unapobeba mikusanyo mingine ndani yake, kila mmoja na historia yake. Mkusanyo mwana ukituliwa mzima, hubaki saraka tupu na anwani katika daftari la mama, hivyo waweza kurudishwa. Ukiondolewa kwa "remove", daftari la sasa la mama huuacha, na wajukuu huenda pamoja nao. Hapo istilahi ya mama na mwana hudanganya, maana katika maisha mzazi huondoka akiacha watoto.

Zamani kazi ya kuutua mkusanyo mzima ilikuwa na amri yake, "uninstall". Katika toleo la 0.16, mwaka 2022, ilihamishiwa kwa "drop". Uamuzi huo ulipunguza amri, lakini ulirudisha kasoro ile ile ya "futa": kitenzi kimoja sasa hugusa faili moja au mkusanyo mzima, kutegemea neno dogo linalokifuata.

Kasoro hiyo hufidiwa kwingine. Anayetaka kuruka ukaguzi hulazimika kuandika "reckless", yaani bila kujali hatari, na kutaja kiwango chake. Kiwango cha mwisho ni "kill", kuua, ambacho hakikagui chochote. Wapo watakaoona maneno hayo ni makali mno. Hata hivyo, yana uaminifu kuliko swali la "una uhakika?", ambalo watu hulijibu "ndiyo" kabla ya kulisoma. Mfasiri atakayelainisha "ua" likawa "ondoa kabisa" atakuwa ameliondoa onyo lenyewe.