Mkono wa Shoto, Asubuhi ya Jumatatu

Tamasha la muziki la Woodstock lilianza Ijumaa, Agosti 15, 1969, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, na lilikuwa liishe Jumapili usiku. Mvua ya Jumapili ilivuruga ratiba. Jimi Hendrix, mpiga gitaa aliyepangwa kufunga pazia, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, jua limekwisha kuchomoza. Kati ya watu zaidi ya 400,000 waliofurika pale, wengi walikuwa njiani kurudi makwao. Waliosalia walikuwa wamekesha kwenye tope, blanketi mbichi mabegani.

Bendi yake ilikuwa ya watu sita, yeye akiwemo. Mitch Mitchell alikalia drams, na Billy Cox, rafiki wa Hendrix tangu jeshini, alishika besi. Larry Lee alipiga gitaa la pili. Wapiga tumba walikuwa Jerry Velez na Juma Sultan, Mmarekani ambaye kwa jina tu angepita Tanga bila kuulizwa kwao wapi. Mazoezi yao hayakuwa yameiva. Kuna nyimbo ambazo wanatafutana gizani mpaka mmoja akamate mlango. Hilo halikulifukarisha onyesho, maana aliyekuwa mbele yao alijua kusubiri.

Hendrix alikuwa mtu wa shoto, na gitaa lake jeupe aina ya Fender Stratocaster lilichongwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Alilipindua, akalitia nyuzi upya ili uzi mnene ukae juu. Kwa hiyo vitufe vya sauti na ule mkono wa chuma wa kuyumbisha nyuzi navyo vikahamia juu. Mkono huo ni rafiki mnafiki: kila ukikandamizwa, nyuzi hulegea, na zikirudi hazirudi zilipokuwa. Wengine huuogopa. Yeye aliukandamiza mpaka nyuzi zikakaribia kulala, kisha akanyoosha kiganja kwenye funguo na kukaza uzi uliopotoka, wimbo ukiendelea.

Mwishoni mwa onyesho hilo la karibu saa mbili, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani, bila kuimba neno. Ulianza umenyooka, kama unavyopigwa viwanjani. Ulipofika mahali ambapo maneno yake hutaja makombora na mabomu, gitaa likapiga yowe, likaporomoka, likapaa tena. Mlio ule ulitokana na spika: sauti ikitoka kwa nguvu huzirudia nyuzi, nazo huendelea kutetema ingawa hakuna kidole kinachozigusa. Mafundi mitambo huukimbia mlio huo. Hendrix aliuchunga, akiuacha upotee kidogo kisha akiurudisha zizini kwa kiganja. Katikati akapenyeza sauti chache za wimbo wa tarumbeta wa kuwaaga askari waliokufa. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na mpigaji mwenyewe alikuwa amewahi kuwa askari wa miamvuli.

Wapo wanaosema yalikuwa mapepo ya asubuhi ile. Hawakusikiliza. Wimbo huo alikuwa akiupiga majukwaani tangu mwaka uliotangulia. Yowe lile lilikuwa limeshajaribiwa, likapimwa.

Masikio ya leo yamebakiwa na kipande hicho tu, kisichofika hata dakika nne. Husambazwa kimekatwa kichwa na mkia, ilhali jukwaani hakikusimama peke yake: kiliunganishwa moja kwa moja na "Purple Haze". Rekodi nazo zimefanya uchoyo wake. Tumba zinasikika kwa mbali, gitaa la Larry Lee limezamishwa, na nyimbo alizoimba Lee ziliachwa nje ya albamu ya onyesho hilo iliyotoka 1999. Vijana wenye pupa hununua kifaa cha kukanyaga kwa mguu, wakapata mlio, wakadhani wamepata ufundi. Kukaza uzi katikati ya wimbo hakuna anayewafundisha.

Bendi ile ilivunjika baada ya wiki chache. Hendrix alifariki London, Septemba 18, 1970, akiwa na miaka 27. Gitaa jeupe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Seattle, alikozaliwa, na watu hulitazama kupitia kioo.