Mbele Diski, Nyuma V

Anayeunda baiskeli ya mlimani ya gia moja huwa amekata shauri kubwa kabla hajashika spana. Gia zimeondoka, na pamoja nazo kifaa cha kurushia cheni, vibadilishio vya usukanini, waya zake na lile rundo la meno la nyuma. Karibu kilo nzima imetoka kwa mkupuo. Baada ya hapo gramu zinatafutwa moja moja, kwenye tandiko, kwenye usukani, kwenye boliti, mpaka jicho linatua kwenye breki. Hapo ndipo fundi na mpenda mizani wanapoachana njia.

Mchezo wenyewe wa baiskeli za mlimani ulianzia kwenye gia moja na breki isiyofaa. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin, California, walishindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, kilomita 3 na ushee zinazoshuka mita kama 400. Walipanda baiskeli kuukuu, nyingi za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, za matairi manene, zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume iliyofichwa ndani ya habu ya nyuma. Humo chuma husugua chuma kwenye grisi. Wakifika chini, grisi imeungua na habu inafuka moshi. Sharti ifunguliwe na kujazwa grisi mpya, na kazi hiyo ndiyo iliyoyapa mashindano jina lake, Repack. Gary Fisher, mmoja wa washindani wa Repack, alifunga breki za dramu na kuzivuta kwa mikono ya breki ya pikipiki. Zilikuwa nzito, lakini zilishika, na ni Fisher huyo huyo aliyeweka rekodi ya njia ile, dakika 4 na sekunde 22. Mwaka 1977 mshindani mwenzake, Joe Breeze, akaunda fremu mpya mahususi kwa njia kama ile; leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Mimi huwa nakumbuka zaidi ile dramu. Mtu alikubali kubeba uzito ili aweze kusimama, akawa mwepesi kuliko wenzake.

Mwenye gia nyingi akikaba breki kupita kiasi kwenye kona, ana pa kujitetea: anashusha gia, anakanyaga kwa wepesi, mwendo unarudi. Wa gia moja hana mahakama ya rufaa. Meno yake 32 ya mbele na 16 ya nyuma ni yale yale, kwenye mteremko na kwenye kilima kinachofuata, na mwendo wowote aliouua kwa breki ataulipa kwa mapaja, kasimama juu ya pedeli. Kwa hiyo hahitaji breki ya kukaba. Anahitaji inayokisikiliza kidole kimoja: akiigusa inapunguza kidogo, akiiachia inaachia papo hapo. Pedi inayogusa diski bila kuitwa, hata kwa ule mlio mdogo wa ss, ss, ss usiosikika ila mahali penye utulivu, inakula nguvu ambazo hana namna ya kuzifidia.

Kwa maoni yangu, jibu ni breki ya diski ya haidroliki mbele na breki ya V, ile inayobana rimu kwa raba, nyuma. Wapo watakaocheka, maana baiskeli ya breki mbili za aina mbili huonekana imeokotezwa. Wacheke tu. Ukishika breki kwenye mteremko, uzito mwingi unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele ndilo linalosimamisha, la nyuma linasaidia na kunyoosha mambo. Tena la mbele likishakaa kwenye foku halihami. La nyuma linahama.

Linahama kwa sababu ya cheni. Baiskeli hii haina ule mkono wenye springi wa kuikaza. Unavuta gurudumu zima nyuma kwenye mapengo marefu ya fremu. Legeza nati mbili, vuta, tazama tairi limekaa katikati, kaza upande wa cheni kwanza, kisha ibonyeze cheni kwa kidole: icheze sentimita moja hivi. Ikikazwa mno habu inanung'unika na gololi zinakufa mapema. Ikilegea inaruka menoni siku ya kilima kikali. Ukiongeza jino moja nyuma, ekseli inasogea milimita 3 hivi. Kwa breki ya V hilo ni jambo la kulegeza boliti na kuisogeza raba, pengine hata hilo halihitajiki. Kwa breki ya nyuma ya diski, diski yote imehama: pedi zinauma vibaya, na gurudumu likikaa upande kidogo tu, msuguano unaanza. Zipo fremu ambazo kalipa, kishikio cha pedi, husafiri pamoja na ekseli, zipo zenye mhimili wa pedeli wa kuzungushwa ili kukaza cheni. Ni kazi safi, ila zote zina uzito wake.

Mizani nayo haigombi. Breki ya V, pamoja na mkono na waya, ni gramu 300 hivi. Ya diski huzidi hapo kwa mia hivi. Lakini rimu ya mbele isiyosuguliwa na raba inaweza kuwa nyembamba ubavuni, na gramu za ukingoni mwa gurudumu ndizo mguu unazozihisi kila unapoanza upya. Kwenye spoki usifanye ubahili: nguvu ya diski inatoka kwenye habu kwenda kwenye rimu kwa kupitia hizo, kwa hiyo zipishane, kwa kawaida mara tatu, zisinyooshwe moja kwa moja. Rimu ya nyuma italiwa na tope na mchanga. Pitisha kidole ubavuni, ukihisi bonde, ibadilishe.

Wanaoshusha ndizi kutoka Bugarama kuelekea Bujumbura, Burundi, kwa baiskeli za gia moja, mikungu imefungwa huku na huku, wangecheka zaidi wakimwona mtu anapima boliti. Kwao uzito ndio biashara.

Na boliti zitapimwa. Dukani utaonyeshwa boliti sita za aluminiamu za kushikia diski, zenye rangi za kupendeza, zinazookoa gramu chache. Ziache huko. Hizo sita ndizo zinazomshikilia mtu mzima anayeshuka mlima, ziwe za chuma, zipakwe gundi ya kuzuia boliti kulegea, zikazwe kwa kupishana. Anayezililia gramu hizo aanze na alivyojaza mfukoni.